"Mama, hawa ni kabila gani?" Vitabu vya kuwajua Walatino wa Marekani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu. Nilizaliwa Fizi, Kongo, nikakulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na sasa tunaishi Houston, Texas. Shuleni kwa binti yangu wa darasa la saba wametangaza Mwezi wa Urithi wa Kihispania, na kila mtoto ameambiwa achague kitabu kimoja kinachoonyesha "utambulisho wa Kihispania" akiandikie maelezo. Darasani kwake yupo mvulana mweusi kuliko yeye anayeongea Kihispania, yupo mwingine mweupe kabisa, na yupo msichana ambaye bibi yake hata Kihispania hakijui, anaongea lugha ya kwao milimani. Wote wanaitwa jina moja. Binti kaniuliza, "Mama, hawa ni kabila gani?" Nimeshindwa kumjibu. Tuanzie kitabu gani?

JIBU: Marahaba, mama. Poleni na pilika za shule.

Hao wanaoitwa Wahispania au Walatino kabila moja hawana, na taifa moja pia hawana. Kinachowaunganisha ni kwamba wao au wazee wao walitoka katika nchi zilizowahi kutawaliwa na Hispania. Zaidi ya hapo kila mmoja ana njia yake. Ndiyo maana nakushauri binti asihangaike kutafuta kitabu kinachowaeleza wote, maana hakipo. Achukue vitabu viwili vinavyobishana. Kazi ya shule aiandike juu ya kimoja, lakini akisome huku kile kingine kikiwa kichwani. Atawaelewa wenzake zaidi kuliko akichukua kitabu chenye bendera na ngoma kwenye jalada, ambavyo msimu huu vinajaa meza za mbele maktabani.

Jina hilo la pamoja limekuzwa na serikali. Mwaka 1968 Rais Lyndon Johnson alitangaza wiki ya urithi huo, na mwaka 1988, enzi za Ronald Reagan, wiki ikawa mwezi: 15 Septemba hadi 15 Oktoba. Wengi hushangaa mwezi gani huo unaoanzia katikati. Ni kwa sababu tarehe 15 Septemba 1821 Guatemala, El Salvador, Honduras, Nikaragua na Kosta Rika zilijitangazia uhuru kutoka Hispania, na siku chache baadaye Meksiko na Chile nazo husherehekea uhuru wao. Sensa ya Marekani ilianza kuiuliza kila kaya swali la asili ya Kihispania mwaka 1980. Sensa ya 2020 ilihesabu watu milioni 62.1, na fomu yenyewe ilisema wazi kwamba asili hiyo si rangi. Mtu aliweza kujibu ndiyo, kisha katika swali la pili akajiandika mweusi, mweupe, mwenyeji wa asili wa Amerika, au vyote kwa pamoja.

Visanduku vya namna hii wewe unavijua. Nyarugusu mliitwa Wakongomani nyote, Mbembe na Mfuliiru. Houston karani akikujazia fomu unakuwa "mweusi", sanduku moja na Msomali, Mnaijeria na mjukuu wa watumwa wa Mississippi. Fomu haijasema uongo, ila anayeisoma hajakujua bado.

Basi tuanzie hapo hapo mjini kwenu. Chuo Kikuu cha Houston kina shirika la uchapishaji liitwalo Arte Público, lililoanzishwa mwaka 1979 na profesa Nicolás Kanellos. Kazi yake ni kuchapisha waandishi Walatino wa Marekani ambao wachapishaji wakubwa wa New York walikuwa hawawatazami. Mwaka 1984 ndilo lililotoa *The House on Mango Street* cha Sandra Cisneros, kitabu ambacho sasa kinasomwa shuleni Marekani nzima. Limefanya pia kazi ngumu zaidi ya kufukua vitabu vya karne ya 19 vilivyokuwa vimesahaulika kabisa. Binti akitaka kuona ubishani wenyewe, viko viwili kutoka kwenye kabati hilo moja.

Cha kwanza ni *...y no se lo tragó la tierra* cha Tomás Rivera, kilichotoka mwaka 1971. Rivera alizaliwa mwaka 1935 Crystal City, Texas, katika familia ya vibarua wa Kimeksiko waliokuwa wakifuata mavuno kutoka jimbo moja hadi jingine. Aliandika kwa Kihispania, na leo utapata toleo lenye Kihispania na Kiingereza kwa pamoja. Ni kitabu chembamba chenye visa vifupi vifupi. Katika kisa kimojawapo, joto limekuja mapema kuliko kawaida na watoto wanafanya kazi shambani pamoja na wazazi wao. Maji wanayoletewa hayatoshi, kwa hiyo wanachepuka kwenda kunywa kwenye hodhi la ng'ombe. Mwenye shamba anakasirika kwa sababu wanalipwa kwa saa na dakika zinapotea. Siku moja analenga bunduki ili amtishe mtoto tu, risasi inampata kichwani. Rivera haweki maombolezo wala hotuba. Baada ya risasi tunawasikia watu wawili wakipiga soga juu ya yule bwana, eti nusura apate wazimu, eti siku hizi ni pombe tu. Kuhusu mtoto hawana la kusema. Nimewahi kukisoma kisa hiki mbele ya watu wazima waliolima mashamba ya watu, na hakuna aliyehitaji maelezo.

Cha pili ni *The Squatter and the Don* cha María Amparo Ruiz de Burton, kilichotoka mwaka 1885 na kufufuliwa na Arte Público mwaka 1992. Huyu yeye alizaliwa Meksiko, na alikuwa bibi wa tabaka la juu, aliyeolewa na ofisa wa jeshi la Marekani. Riwaya yake inalilia familia ya matajiri wa California waliokuwa na ng'ombe na ardhi isiyo na mwisho, kisha wakanyang'anywa na wavamizi, sheria mpya na kampuni ya reli. Malalamiko yake ni ya haki kabisa. Baada ya vita vya Marekani na Meksiko, mkataba wa mwaka 1848 uliifanya Meksiko ipoteze karibu nusu ya nchi yake, na waliokuwa wakiishi huko walijikuta ugenini bila kuhama. Wenyewe husema hatukuvuka mpaka, mpaka ndio uliotuvuka. Lakini soma jinsi mwandishi anavyowachora watu wake: weupe, waungwana, wenye damu ya Ulaya. Vibarua wenyeji wa asili wanapita nyuma ya pazia kama vyombo vya nyumbani. Mtoto yule wa Rivera angekuwa mtumishi katika nyumba ya Ruiz de Burton. Wote wawili ni "Wameksiko wa Marekani", na sanduku la sensa lingewapokea bila swali.

Sitegemei mtoto wa miaka kumi na miwili amalize kitabu cha mwaka 1885, hicho kisome wewe ukipata nafasi. Cha Cisneros anakiweza. Msimulizi wake, Esperanza, ni msichana wa Kimeksiko anayekulia katika mtaa wa watu wa hali ya chini Chicago. Kuna sura ambayo anatamani kula kantini na watoto wengine badala ya kurudi nyumbani mchana, na anamsumbua mama yake mpaka anamwandikia barua na kumfungia mkate wenye wali ndani, maana nyama ya kuweka haikuwepo. Mtawa mkuu anamwita dirishani, anamwonyesha majengo mabovu kuliko yote mtaani na kumuuliza kama ndiko anakoishi. Siko. Esperanza anatikisa kichwa kukubali, anaanza kulia, na anaruhusiwa kula siku hiyo tu, huku wenzake wakimtazama, mkate ukitoa mafuta na wali umepoa. Sura yote haizidi kurasa chache. Sijui mtoto wa mgeni hata mmoja aliyeisoma asikumbuke kopo lake la chakula. Ila nikutahadharishe kama mzazi: mbele kidogo kuna sura ambayo msichana anafanyiwa ukatili wa kingono. Haielezwi kwa undani, lakini ipo. Bora uipitie kabla, mzungumze.

Na usishangae ukisikia kwamba vitabu vya aina hii vimefikishwa mahakamani. Arizona ilitunga sheria mwaka 2010 iliyosababisha shule za Tucson kufunga masomo ya Wameksiko wa Marekani mwanzoni mwa 2012. Waandishi wa hapo Houston waliunda msafara wa magari kupeleka vitabu vilivyoondolewa madarasani, na mwaka 2017 jaji wa shirikisho aliamua kwamba sheria hiyo ilisukumwa na ubaguzi. Kuna watu wamesafiri mamia ya maili kwa ajili ya kitabu ambacho binti yako anaweza kukiazima bure maktabani Jumamosi.

Sasa nije kwa yule mvulana mweusi, kwa sababu nahisi ndiye aliyemfanya binti yako aulize. Makoloni ya Hispania yalipokea Waafrika wengi mno waliouzwa utumwani, na wajukuu wao wako Kuba, Puerto Rico, Jamhuri ya Dominika, Kolombia, Panama, Ekuador, Peru, Venezuela, pwani ya Honduras, hata Meksiko. Karibu na Cartagena, Kolombia, kipo kijiji cha San Basilio de Palenque kilichoanzishwa na watumwa waliotoroka, na lugha yao mpaka leo ina maneno ya Kikongo. Mkongomani hana haja ya kumwona mvulana huyo kama kioja.

Lakini ndani ya jamii hizo weusi umekuwa jambo la funika kombe mwanaharamu apite, na aliyefunua kombe kwa kishindo ni Piri Thomas, katika *Down These Mean Streets* cha mwaka 1967. Alikulia Harlem ya Walatino mjini New York, mama yake Mpuerto Rico, baba yake mweusi mwenye asili ya Kuba. Ndugu zake walitoka weupe, yeye akachukua rangi ya baba. Nyumbani inasemekana sisi ni Wapuerto Rico tu, basi; nje polisi na waajiri wanaona mtu mweusi. Kuna mahali anakwenda kuomba kazi ya kuuza bidhaa nyumba kwa nyumba, pamoja na rafiki yake mweupe, Mpuerto Rico mwenzake. Rafiki anapewa kazi. Yeye anaambiwa ataitwa. Anaporudi nyumbani na kumwambia mdogo wake kwamba wao ni weusi, wanatwangana ngumi. Kitabu kina dawa za kulevya, wizi wa silaha na jela, kwa hiyo ni cha wewe na si cha binti. Ila ningekuwa na uwezo wa kumpa kila mzazi wa Kiafrika aliyeko Marekani kitabu kimoja kuhusu Walatino, ningempa hiki, ili aache kufikiri kwamba mtu mweusi anayeongea Kihispania anajidai.

Kwa umri wa binti kuna kitu kizuri zaidi, habari za Arturo Schomburg. Alizaliwa Puerto Rico mwaka 1874, akahamia New York mwaka 1891, na maisha yake yote alikusanya vitabu, picha na hati zinazothibitisha kwamba watu weusi wana historia. Mwaka 1926 Maktaba ya Umma ya New York ilipata mkusanyo wake, zaidi ya vitabu 5,000 pamoja na maelfu ya hati na michoro, kwa dola 10,000. Ndio msingi wa kituo cha utafiti kilichopo Harlem kinachoitwa kwa jina lake hadi leo. Wamarekani wengi wanamjua kama shujaa wa historia ya watu weusi na hawajui kabisa kwamba alikuwa Mpuerto Rico. Wapuerto Rico wengi nao hawamjui. Carole Boston Weatherford ameandika maisha yake kwa mashairi mafupi, *Schomburg: The Man Who Built a Library* (2017), na picha kubwa za Eric Velasquez. Mtoto wa darasa la saba atakimaliza kwa kikao kimoja.

Tawi lile lile la maktaba la Mtaa wa 135, Harlem, lilimwajiri mwaka 1921 Pura Belpré, mkutubi wa kwanza Mpuerto Rico katika maktaba za New York. Alikuta rafu zimejaa ngano za dunia nzima lakini za kwao hakuna hata moja, akaanza kuwasimulia watoto yeye mwenyewe kwa Kihispania na Kiingereza. Mwaka 1932 aliichapa *Pérez and Martina*, ngano ya mende wa kike anayechumbiwa na wanyama chungu nzima, na mwisho anamchagua panya. Tuzo ya vitabu vya watoto vya Kilatino iliyoanzishwa mwaka 1996 imepewa jina lake. Hili ndilo la kushika ukiingia maktabani bila kujua uanzie wapi: tafuta medali ya Pura Belpré kwenye jalada, au mwombe mkutubi orodha ya washindi wa miaka iliyopita. Utakuta Wakuba, Wameksiko, Wadominika na Wasalvador kwenye rafu moja, kila mmoja na yake.

Wadominika wanahitaji maneno zaidi kidogo, kwa kuwa humo ndimo nilimoona vitabu viwili vya kumfaa binti yako kuliko vyote. Nchi yao inagawana kisiwa kimoja na Haiti. Dikteta Rafael Trujillo alitawala kuanzia 1930 hadi alipouawa 1961, na mwaka 1937 aliamuru maelfu ya Wahaiti wauawe mpakani. Chuki hiyo dhidi ya Wahaiti ilifundishwa pamoja na chuki ya weusi, katika nchi ambayo watu wake wengi wana damu ya Kiafrika. Katika riwaya ya Julia Alvarez ya mwaka 1991, *How the García Girls Lost Their Accents*, familia tajiri ya daktari ina mpishi Mhaiti aitwaye Chucha, aliyebisha hodi kuomba hifadhi usiku ule wa mauaji na hakuondoka tena. Analala ndani ya jeneza lake mwenyewe. Mabinti wa nyumba wanakua wakimwona hivyo kama sehemu ya samani, na msomaji ndiye anayeshtuka.

Alvarez huyo huyo aliandika riwaya ya akina dada Mirabal, *In the Time of the Butterflies* (1994). Patria, Minerva na María Teresa walimpinga Trujillo, wakauawa tarehe 25 Novemba 1960 wakitoka kuwatembelea waume wa wawili wao gerezani. Tarehe hiyo unaijua, mama, hata kama hukujua ilikotoka: ndipo zinapoanza zile Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia zinazoadhimishwa Kongo, Tanzania na Kenya kwa maandamano na fulana.

Kwa watoto, Alvarez ana *Before We Were Free* (2002). Anita ana miaka kumi na miwili, sawa na binti yako. Ndugu zake wanahamia Marekani ghafla, watumishi wanaogopewa kwamba ni wapelelezi, wakubwa wananong'ona, na baba yake na mjomba wake wamo katika njama ya kumwondoa dikteta. Mwisho anajificha na mama yake ndani ya kabati la nyumba ya marafiki wa familia. Wazazi wetu waliokulia enzi za Mobutu watamweleza binti ule ukimya wa mezani vizuri kuliko mwalimu yeyote wa Texas.

Karibu nacho weka *The Poet X* cha Elizabeth Acevedo (2018), riwaya iliyoandikwa yote kwa mashairi, iliyopata Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu kwa vijana. Xiomara ni binti mweusi wa Kidominika, yuko Harlem, ana miaka kumi na mitano. Mama yake anasafisha maofisi, ni mcha Mungu wa kupindukia, na anataka binti apate kipaimara, anyamaze. Xiomara anaandika mashairi kwa siri, na mama anapolipata daftari analichoma moto mbele yake. Familia ya Anita ina watumishi wa kuiosha nyumba; mama wa Xiomara ndiye anayeosha. Anita anaogopa serikali. Xiomara anaogopa sebule ya kwao. Nchi ya asili ni moja, mji wa kukimbilia ni mmoja, na ukimpa mtoto vitabu hivi viwili hataweza tena kusema "Wadominika wako hivi". Acevedo anazungumzia mwili, wavulana na kutoamini dini bila kificho, kwa hiyo someni pamoja. Utakasirika mahali fulani. Mwache binti akueleze kwa nini yeye hakukasirika.

Wakuba nitawapitia haraka. Ukisikia siasa zao Marekani utadhani wote ni kitu kimoja, wapinzani wa mapinduzi ya 1959. Cristina García aliivunja picha hiyo mwaka 1992 na *Dreaming in Cuban*: bibi yuko Kuba anaulinda ufuo wa Castro kwa darubini, binti yake ana duka la mikate Brooklyn na anamchukia Castro kama ukoma, mjukuu anachora na hakubaliani na yeyote. Hao ni wa ukoo mmoja.

Sasa yule msichana ambaye bibi yake hajui Kihispania. Siwezi kujua kwao ni wapi, lakini Houston ina Wamaya wa Guatemala tangu miaka ya 1980, wengi kutoka milima ya Totonicapán, na lugha yao ni Kikʼicheʼ. Guatemala peke yake ina lugha 22 za Kimaya. Vita vya ndani vya 1960 hadi 1996 viliua au kupoteza watu zaidi ya 200,000, wengi wao Wamaya, waliouawa na jeshi la serikali inayoongea Kihispania. Kumwita bibi huyo mtu wa "urithi wa Kihispania" ni sawa kwa fomu, ila yeye mwenyewe huenda akacheka au akanuna. Rigoberta Menchú, Mkʼicheʼ aliyepata Nobeli ya Amani mwaka 1992, alijifunza Kihispania ukubwani ili aweze kusimulia yaliyowapata watu wake, na ushuhuda wake ukatoka kitabu mwaka 1983. Wapo waliopinga baadhi ya maelezo yake, na mjadala huo haujaisha.

Kinachonivutia zaidi ni mshairi Humberto Akʼabal, aliyeandika kwa Kikʼicheʼ na Kihispania. Mwaka 2004 alipewa tuzo kubwa ya fasihi ya Guatemala, yenye jina la Miguel Ángel Asturias, mwandishi wa nchi hiyo aliyepata Nobeli ya Fasihi mwaka 1967 na kusifiwa dunia nzima kwa riwaya zilizojaa hadithi za Kimaya. Akʼabal aliikataa. Asturias alipokuwa mwanafunzi mwaka 1923 aliandika tasnifu iliyosema wenyeji wa asili wamedumaa na dawa yake ni kuleta wahamiaji wa Ulaya kuboresha damu. Akʼabal aliona si heshima kupokea tuzo ya jina hilo. Hao wawili hawaivi chungu kimoja, na shule inayotaka kusherehekea "utofauti" ingefanya vema kuwaweka kwenye meza moja ya maonyesho.

Kwa watoto wako wale wengine wawili, mchukulie mmoja *Dreamers* cha Yuyi Morales (2018). Mama wa Kimeksiko anafika Marekani na mtoto mchanga, hajui lugha, anafanya makosa hadharani, anaogopa kila mlango, mpaka anaingia maktaba ya umma ya San Francisco na kugundua kwamba vitabu vinaazimwa bila pesa. Picha zake zina mambo mengi ya kutafuta. Mwingine achukue *Somos como las nubes* cha Jorge Argueta (2016), mashairi mafupi ya lugha mbili juu ya watoto wanaosafiri kutoka Amerika ya Kati kwenda kaskazini.

Na kuna kitabu kimoja ambacho shule haitakiweka kwenye orodha, ila binti akikitaja darasani atawaacha watu midomo wazi. Afrika nayo ina nchi ya Kihispania: Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru tarehe 12 Oktoba 1968, siku ambayo Hispania husherehekea sikukuu yake ya taifa, na inayoangukia ndani ya mwezi huu huu wa urithi. Wafang na Wabubi wa huko wanaongea lugha za Kibantu nyumbani na Kihispania shuleni, kama ninyi mlivyoongea Kibembe nyumbani na Kifaransa darasani. María Nsue Angüe alichapisha *Ekomo* mwaka 1985, riwaya ya kwanza ya mwanamke wa nchi hiyo. Juan Tomás Ávila Laurel ana *Arde el monte de noche*, kilichotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2014 kwa jina *By Night the Mountain Burns*. Kinasimulia utoto katika kisiwa kidogo cha Annobón, ambako meli zinaacha kuja na sabuni, viberiti na mafuta ya taa vinakwisha. Kinaanza na watu wakiimba huku wakiukokota mtumbwi mpya kutoka mlimani kwenda baharini. Mtu wa Ziwa Tanganyika ataufahamu wimbo huo hata bila tafsiri.

Basi, kwa wiki hizi mlizo nazo: *Before We Were Free* kiwe cha kazi ya shule, na kile cha Schomburg akisome jioni moja kabla hajaanza kuandika. Mwalimu akisema kitabu kimoja tu, aandike juu ya Anita, na katika aya moja aulize kwa nini nyumba ya akina Anita ina watumishi weusi. *The Poet X* kisubiri likizo. Wale wenzake watatu wa darasani asiwaulize kabila. Awaulize bibi yao alipika nini, na aliondoka kwao kwa sababu gani. Hapo atajua kitabu kipi kinafuata.

Wewe, ukipata usiku mtulivu, chukua *Solito* cha Javier Zamora (2022). Ni maisha yake mwenyewe: mwaka 1999, akiwa na miaka tisa, alitoka El Salvador kwenda kwa wazazi wake Marekani bila ndugu hata mmoja, akapita baharini kwa boti, akafundishwa kuongea kama Mmeksiko ili asikamatwe, akavuka jangwa. Mama mmoja asiyemjua, aliyekuwa akisafiri na binti yake, pamoja na kijana mmoja, walimchukua kama mtoto wao njia nzima. Safari iliyotazamiwa kuchukua wiki mbili ilichukua miezi miwili. Umewahi kusafiri hivyo au unamjua aliyesafiri hivyo, kwa hiyo usimpe binti kabla hujakimaliza wewe, na usikisome siku ambayo kesho yake una zamu ya asubuhi.